Meli ya Ngano Isipofika

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana nami gazetini, juma hili nataka tuzungumze habari ya mkate. Sina maana ya riziki kwa jumla, kama tunavyosema mtu anatafuta mkate wake wa kila siku. Nina maana ya mkate wenyewe, ule wa kunywea chai, pamoja na bustani iliyo nyuma ya jiko la mama aliyeuoka. Na mahali pa kuanzia ni Magamba, kilomita chache juu ya mji wa Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako baridi ya mwezi Julai humfanya mtu aipende chai kuliko kawaida.

Mgeni anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha Magamba, huona peasi na plamu zikiuzwa kando ya barabara, huona karoti na kabichi zikipangwa kwenye magunia, na akifika Irente, kwenye shamba la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, huuziwa jibini, jamu na mkate mzito wa rangi ya kahawia. Basi hurudi Dar es Salaam akisimulia kwamba Wajerumani waliwafundisha watu wa kule kulima bustani na kuoka mikate. Maneno hayo yana ukweli nusu. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka tuitazame leo, kwa sababu inatuhusu hata sisi tunaokaa Magomeni, Ngamiani na Kaloleni, ambao uani kwetu hakuna hata mche mmoja wa mchicha.

Tuanze na bustani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai, Wasambaa walikuwa na kilimo chao kilichokomaa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa miaka mingi na wazee wa Usambara na kuandika habari zao, ameeleza kwamba vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa milima kwa makusudi. Familia moja iliweza kulima juu, kwenye ubaridi na mvua, na pia kushuka kulima nyika, kwenye joto. Mvua ikikosa huku, huenda ikanyesha kule. Na kuizunguka nyumba palikuwa na migomba, na chini ya migomba mazao mengine yaliyochanganywa, yakivuna kivuli na kuzuia udongo usichukuliwe na maji.

Wasambaa wana maneno mawili juu ya jambo hili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme alihukumiwa kwa maneno hayo. Mvua na shibe vilipokuwapo, nchi imeponywa. Njaa ilipoingia, nchi imeharibiwa. Kwa hiyo bustani ya nyumbani haikuwa jambo la akina mama peke yao. Shibe ya kila ua ilikuwa ndiyo kipimo cha utawala.

Sasa tuje kwenye mkate. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilianzisha shamba la majaribio huko Kwai, jirani na Magamba, ili kupima kama viazi, mboga za Ulaya, nafaka na mifugo ya kwao vingestawi. Lushoto yenyewe ikapewa jina la mfalme wao, ikaitwa Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, na masetla wakaongezeka milimani.

Masetla walihitaji vibarua, na Msambaa mwenye migomba yake hakuwa na haraka ya kwenda kufanya kibarua. Ndipo mwaka 1907 ukaletwa utaratibu wa kipande: kila mwanamume mzima alitakiwa amfanyie kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Wengi walikwenda kwenye mashamba ya kahawa. Wengine waliingia majikoni mwa masetla na misheni, na huko ndiko walikojifunza kukanda unga, kuuacha uumuke na kuuweka ndani ya tanuri. Ndiyo kusema waokaji wengi wa kwanza wa mkate wa Kizungu katika milima ile walikuwa wanaume wenye kipande mfukoni, na wake zao walikuwa nyumbani wakilinda migomba.

Angalia basi jinsi mambo haya mawili yalivyokutana. Bustani ilikuwapo. Maarifa ya tanuri yalikuja, tena yalikuja kwa njia ya shuruti. Kilichofuata ni kazi ya watu wenyewe, na hicho ndicho kisichosimuliwa.

Mkate wa ngano una ugonjwa wake mmoja mkubwa. Unategemea meli. Na katika historia ya nchi yetu meli imechelewa au imekosa kufika zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ni vita vya mwaka 1914. Manowari za Waingereza ziliziba pwani yote, na kutoka Ujerumani ziliponyoka meli mbili tu, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916, nazo zilileta silaha na vifaa vya vita. Masetla waliokuwa wakiona fahari kula mkate mweupe wakajikuta hawana unga. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyojifunza kuoka mkate kwa mtama, mahindi, mhogo na viazi vitamu, kwa kuchanganya hiki na kile mpaka ukashikana. Waingereza walipoiteka Wilhelmstal mwezi Juni 1916, Mzungu wa pale alikuwa amekwisha kuuweka unga wa Mwafrika ndani ya tanuri lake. Sasa hapo nani alimfundisha nani?

Chini ya Waingereza, elimu ya mkate iliwafikia akina mama moja kwa moja, kupitia shule za misheni na, katika miaka ya 1950, vilabu vya wanawake vilivyofundisha kushona, kufuma na kuoka. Lakini katika miaka hiyo hiyo serikali iliingilia mashamba yao. Mpango ulioanzia Mlalo mwaka 1946 ukaenezwa Usambara: kila familia ilime matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na hoja, maana udongo ulikuwa unachukuliwa kweli. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito mno, na wengi waliobeba jembe hilo walikuwa wanawake. Watu waligoma, wakakamatwa, wakagoma tena, mpaka mpango ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Serikali iliyodai kuiponya nchi ilionekana kuwa inaiharibu.

Mara ya pili ya meli kuleta mashaka ni miaka ya 1973 hadi 1975. Ukame uliungana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, nchi ikalazimika kununua nafaka nje kwa fedha isiyokuwapo. Wazee wetu wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao kwa ucheshi wa Watanzania ulibatizwa jina la Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Hapo ndipo redio, chombo ninachokitumikia, ilipofanya kazi ambayo hadi leo inastahili heshima. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya mti wakisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba bustani za mboga, kupanda matunda na kufuga kuku. Kampeni haikuwasubirisha watu meli. Iliwarudisha uani kwao.

Mara ya tatu ni miaka ya 1979 hadi 1985. Vita vya kumwondoa Idi Amin vilikuwa vimekwisha kutugharimu, fedha za kigeni hazipo, na madukani hamna sabuni, sukari wala unga. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo ya mwaka 1974 nimehadithiwa, lakini ya mwaka 1984 nayakumbuka kama mtoto anavyokumbuka, yaani kwa pua na kwa tumbo. Nilikulia Magamba, na nyumbani kwetu mkate haukukosekana kila Jumamosi.

Ngoja nieleze mama alivyofanya, kwa sababu ndani ya hesabu zake kuna historia yote niliyokwisha kuisimulia. Kilo moja ya unga wa ngano ilitosha majuma mawili. Alichanganya unga kidogo wa ngano na unga laini wa mahindi, akaongeza ndizi mbivu zilizopondwa au viazi vitamu vilivyochemshwa. Ndizi zilileta utamu, maana sukari ilikuwa ya mgeni. Ngano hakuiacha kabisa, kwa sababu ndiyo yenye ule mnato unaoushika upepo wa hamira mpaka donge likavimba. Mahindi peke yake hayana mnato huo, mkate hulala chini kama tofali. Hamira nayo haikupatikana. Kila alipokanda alibakiza donge dogo, likachacha ndani ya kibuyu, likawa ndilo la kuumulia mkate wa juma linalofuata.

Tanuri hatukuwa nalo. Alitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaweka juu yake sufuria ndogo yenye donge, akafunika kwa bati na kupanga makaa juu ya bati. Moto mdogo chini, moto mkubwa juu. Njiti ya fagio ikichomwa katikati na kutoka kavu, mkate umeiva.

Na uani hakuna kilichotupwa. Maganda ya viazi na ndizi yalikwenda kwa mbuzi. Samadi ya mbuzi ilikwenda kwenye migomba. Majivu yalinyunyizwa kwenye mboga kuzuia wadudu. Maji ya kuoshea vyombo tulibebeshwa sisi watoto kuyapeleka kwenye magimbi. Mnavu ulijiotea wenyewe pembeni, na ole wake mtoto aliyeupalilia akidhani ni magugu.

Chini ya nyumba, ng'ambo ya mfereji, lilikuwapo shamba la kabichi na viazi vya kuuza. Hapo mama alikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: mazao ya lori yasivuke mfereji. Cha lori kiwe ng'ambo ile, cha watoto kiwe upande huu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba kanuni ya mama ilikuwa na ushahidi wa kitaalamu. Mtafiti Anne Fleuret alichapisha mwaka 1979 utafiti alioufanya Lushoto kuhusu majani yanayoliwa yanayojiotea porini na pembeni ya mashamba. Wilaya ile ilikuwa tayari inajulikana kwa kupeleka mboga mijini, lakini vyunguni mwa wakulima wenyewe kitoweo kikubwa kilikuwa majani hayo ya bure. Kabichi ilikwenda Dar es Salaam, mnavu ukabaki kuwalisha waliolima kabichi.

Wala msidhani ni vijijini tu. Katika miaka hiyo hiyo wafanyakazi wa Dar es Salaam, ambao mshahara wao haukufika katikati ya mwezi, walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba, hata Oysterbay. Wake zao walikaanga maandazi na kuoka mikate ya kuuza, na mara nyingi ni miradi hiyo midogo iliyolisha nyumba, si mshahara wa bwana. Nchi ilipofunga mkanda, aliyeushika mkanda huo alikuwa mwanamke aliye jikoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa zamani hawapendi kulisema. Uwekevu ule ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa kwa migongo ya wanawake na wasichana. Kuni zilitoka msituni, kwenye mteremko mkali, alfajiri. Msitu wa Magamba wenye mikulo mikubwa, ambao leo ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, hauwezi kulisha majiko ya watu wote, wala haufai kuachiwa ulishe. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Mimi nauunga mkono. Mkate wa sufuria huokeka kwa gesi pia, nimekwisha kujaribu. Mchanga haujui moto umetoka wapi.

Lakini kuna hasara nyingine ambayo haina mkakati. Ardhi ya Magamba imegawanywa kutoka baba kwenda kwa wana, na kutoka wana kwenda kwa wajukuu, mpaka kila mmoja ana kipande kidogo. Kaka yangu ndiye aliyebaki nyumbani, na miaka michache iliyopita aling'oa sehemu kubwa ya migomba ya mama, akavuka mfereji na kupanda karoti na kabichi mpaka karibu na mlango wa jiko. Tulibishana. Aliniuliza kama ada za watoto wake wa sekondari ya juu na chuo zitalipwa kwa mnavu. Sikuwa na jibu jepesi, na hata sasa sina, kwa sababu katika mwaka mzuri hesabu yake ni sahihi kuliko yangu. Lori moja la kabichi lililofika sokoni siku bei ikiwa juu hulipa ada ambayo migomba haiwezi kuilipa.

Taabu ni mwaka mbaya. Bei ya kabichi ikianguka, kwa sababu malori kumi yamefika Ilala siku moja, mkulima wa kabichi hawezi kula ada. Hana ndizi, hana magimbi, na unga na mkate anavichukua dukani kwa mkopo. Anakuwa kama mimi na wewe wa mjini, ila yeye hana mshahara.

Na meli nayo haijaacha tabia yake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, nchi mbili zinazouza ngano nyingi duniani ziliingia vitani, na bei ikapanda kila mahali. Huku kwetu mkate ulipanda bei na andazi likapungua ukubwa. Kila mnywa chai ya asubuhi ni shahidi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa sana ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje. Tulijaribu kujitegemea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano huko Basotu, wilayani Hanang, kwa matrekta na mashine. Yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig, wakapelekana mahakamani na serikali, na ufadhili ulipokwisha katika miaka ya 1990 mashamba yale hayakuweza kusimama kwa miguu yao. Ile ngano nayo ilitegemea meli, meli ya vipuri na fedha za wafadhili.

Sasa tufanyeje? Sitamwambia kaka yangu ang'oe karoti zote. Wala sitamwambia mama wa Tandale, anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi, kwamba aache unga wa ngano apike wa mtama, maana wateja watamkimbia. Ninachosema ni kwamba kanuni ya mfereji ilikuwa na akili ndani yake, na akili hiyo tunaiacha bila hata kuijadili. Kila nyumba, ya mlimani na ya mjini, inahitaji sehemu ndogo isiyovukwa na soko. Inaweza kuwa robo ekari ya migomba. Inaweza kuwa magunia manne ya udongo yenye mchicha na sukumawiki kwenye ua wa saruji. Inaweza kuwa maarifa tu: binti na mvulana wa nyumba hiyo wajue kukanda donge, kuumua bila hamira ya dukani, na kuchanganya sehemu moja ya mhogo kwa sehemu nne za ngano bila mkate kuharibika.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Watoto hao hawapo kwenye ukame peke yake. Wapo pia kwenye maeneo yanayojaza malori mboga kila jioni. Nchi inayosafirisha mboga huku watoto wake wakidumaa, wazee wa Vuga wangekuwa na neno la kuiita, na neno hilo tumekwisha kulitaja.

Tunapenda kuwasubiri wataalamu, wafadhili na wauzaji wa nje watuambie namna ya kujilinda na njaa. Historia ya Magamba inasema kwamba meli ilipokosa kufika, mara zote chakula kilipatikana mahali pale pale: nyuma ya jiko. Swali ni kama safari ijayo tutakuta kitu hapo.

Ndugu msikilizaji, nakutakia juma jema. Tukijaaliwa, tukutane tena wakati kama huu.